Jibu: Kenge wa Komodo na rusa, nani mbabe?

Mkuu, umeuliza kati ya kenge wa Komodo, lile kenge kubwa la visiwa vya Indonesia, na rusa wa Timor, yule kulungu wa huko huko, nani mbabe. Kwa mbio kenge hafui dafu, pumzi inakata mapema. Lakini yeye hafukuzi. Anajilaza kwenye nyasi kando ya njia wanayopita rusa, kisha anarukia mguu au tumbo. Meno yana makali ya msumeno, na taya la chini lina tezi za sumu inayozuia damu kuganda. Rusa akichomoka anazidi kuvuja, huku kenge anamfuatilia kwa kunusa na ulimi. Hawa kenge wetu wa ziwani hapa Mwanza wanaishia kwenye mayai na samaki. Swala wa kisiwa cha Saanane humo ziwani walale tu bila hofu. Kura yangu Komodo, ila uwanja ukiwa wazi rusa anaondoka zake.