Kilo zinafutika simu ikigeuzwa

Ndugu, kwenye programu yako ya kurekodi mizigo ya dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kilo zinafutika simu ikigeuzwa kwa sababu EditText zako (sehemu za kuandikia) hazina id, yaani jina la utambulisho ndani ya programu. Android ikijenga skrini upya, hurudisha maandishi ya zile zenye id tu. Ipe kila moja id ya kwake, isifanane na nyingine.

Uzito uwekee inputType (aina ya maandishi yanayokubalika) ya numberDecimal, kibodi ya namba itakuja na 12.5 itakubalika, number peke yake inakataa nukta. Jina, textCapWords, inayoanza kila neno kwa herufi kubwa, inatosha.

Na tafadhali sana, usitegemee hint (maandishi ya kuelekeza ndani ya sehemu tupu) peke yake. Mtu akianza kuandika inapotea, na mama anayepima mzigo huku wateja wanamwita hatajua anajaza bei au kilo. Weka TextView, yaani maandishi yasiyopotea, juu ya kila sehemu.