Kamera haijafa, hujasoma dmesg tu

Jana saa kumi jioni nimemkuta kijana wetu wa fildi ameiinamia laptopu, jasho linamtoka, teminali inateremsha maandishi ya kukompaili, yaani kujenga programu kutoka msimbo wake, kama mvua ya masika. Kamera yenyewe ni ile kuukuu ya Z-Star tuliyoigeuza lenzi nyuma-mbele, ikawa hadubini ya benchi namba mbili ya kuangalia lehemu za bodi za simu. Picha haitoki, giza tupu. Nikamuuliza, "dmesg inasemaje?" (Ni amri ya Linux inayoonyesha ujumbe wa kerneli, yaani kiini cha mfumo.) Akanitazama kama nimemuulizia shangazi yake wa Sumbawanga ambaye hajawahi kumwona.

"Bado sijaangalia, fundi. Nimepata draiva mtandaoni, ndiyo naijenga." (Draiva: programu ya kuisemesha kamera.)

"Ya mwaka gani?"

"2007."

Nilitaka kumfokea, maneno yakanikwama kooni. Kosa lile ni mali yangu halali, nililifanya yeye akiwa darasa la kwanza. Kwa hiyo naandika, kwa ajili yake, kwa mliokuja naye, na kwa watakaokuja mwakani. Kusema nimechoka.

1. lsusb kabla ya kitu kingine chochote.

Chomeka, vuta pumzi, andika lsusb, ikuorodheshee vifaa vya USB. Ukiona 0ac8 ni Z-Star, 093a ni Pixart, 0c45 itajiita Microdia, nayo ndiyo Sonix; hao ndio watengeneza chipu za kamera. Jina lililochapwa kwenye kasha msilihangaikie, muuzaji wa Kariakoo anabandika analotaka. Ile namba nzima ya tarakimu nane, mfano 0ac8:301b, ndiyo NIDA, kitambulisho cha kamera. Namba isipotokea kabisa, weka kibodi chini: badilisha tundu, ondoa habu, ondoa ile kebo ya kurefusha mliyoinunua barabarani. Hakuna draiva duniani inayotibu waya uliokatika.

2. dmesg -w, halafu ndiyo uchomeke.

Iache ikiwa wazi kwenye teminali ya pembeni, na kwenye Ubuntu za siku hizi weka sudo (mamlaka ya msimamizi) mbele. Ukisoma "gspca_zc3xx-2.14.0 probing 0ac8:301b", basi shughuli ya kutafuta draiva imekwisha. Draiva ipo, imeamka, imemtambua mgeni wake. Imo ndani ya kerneli tangu 2.6.27, mwaka 2008.

Hapa nisimame kidogo, maana nyinyi mnadhani vitu hivi viliota vyenyewe. Kazi ya gspca, familia ya draiva za kamera kuukuu za USB, aliianza daktari wa Kifaransa, Michel Xhaard, daktari wa wagonjwa kabisa, akazifanya kamera zaidi ya 200 za viwanda mbalimbali ziwake kwenye Linux. Jean-François Moine ndiye aliyeiandika upya ikaingia kwenye kerneli. Kabla ya hapo ilibidi kweli upakue kifurushi, ukompaili, uombe dua. Maelekezo ya zama zile bado yanazagaa, na ndiyo hayo mnayoyaokota. Yalikuwa sahihi. Muda wake umepita, kama noti ya zamani, huwezi kununulia mkate.

3. Usiandike make install kwa hasira.

Hii, amri ya kusakinisha ulichokompaili, nitaieleza polepole, na atakayecheka asiniangalie usoni.

Ramadhani ya 2010 nilikuwa fundi wa kafe moja ya intaneti Tanga. Ufundi wenyewe nilijipa, hakuna aliyenitunuku. Mashine sita, zote Ubuntu 10.04, kerneli 2.6.32. Mwenye kafe alileta kamera moja ya mtumba, chipu ya zc3xx ya Z-Star, ili watu waonane na ndugu zao kwa Skype. Mteja wa kwanza akawa bi mkubwa mmoja wa Ngamiani. Mwanawe alikuwa Maskati mwaka wa tatu, amepata mtoto huko, na bibi na mjukuu hawajawahi kuonana. Akaweka miadi ya Idd mosi, saa nne asubuhi kwetu, saa tano kwao. Akalipa kabisa, noti zimekunjwa ndogo kwenye pindo la kanga.

Zikiwa zimebaki siku nne nikafungua Skype kuijaribu kamera. Picha nyeusi. Nikatoa hukumu papo hapo: draiva mbovu. Angalieni nilivyojihukumu mwenyewe. Cheese, programu ya kujipigia picha kwa kamera, ilikuwepo kwenye menyu, mibonyezo miwili tu. Ningeifungua ningeuona uso wangu, ningejua kerneli haina hatia na mgogoro uko kati ya Skype na picha. Sikuifungua. Cheese niliiona ya watoto, mimi ni fundi.

Usiku baada ya futari nikaanza kuvuta mti mzima wa v4l-dvb, msimbo wa draiva zote za video, kwa hg clone, kwa modemu ya kafe, bando la mwenye kafe. Kukompaili kukagoma kwenye firedtv. Hiyo ni draiva ya visanduku vya televisheni vinavyochomekwa kwa FireWire, sidhani kama Tanga nzima kilikuwepo kimoja. Nikaingia kwenye .config, nikaigeuza m ikawa n (isijengwe), mambo yakaendelea. Nilijisikia profesa. Saa saba usiku nikaandika sudo make install.

Ambacho sikukijua ni kwamba amri ile haikuweka draiva moja ya kamera moja. Ilifunika ukoo mzima wa moduli (vipande vya kerneli) za video kwenye /lib/modules, nyingine zikabaki za zamani katikati ya wageni. Nilipoiwasha mashine upya, dmesg (sasa ndiyo naisoma!) imejaa "disagrees about version of symbol". Moduli hazitambuani. /dev/video0, mlango wa kamera, haipo tena. Mwanzo nilikuwa na kamera yenye picha nyeusi, sasa sina kamera.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikasema labda mashine hii ina walakini, nikahamia ya pili, nikarudia hatua zote kwa uaminifu mkubwa. Zikawa mbili.

Siku ya tatu, saumu na usingizi vimenichanganya, nikasoma mahali kwamba mtumiaji lazima awe kwenye kundi la video. Kweli kabisa. Nikaandika sudo usermod -G video na jina langu. Wanaojua wameshashika vichwa. Bila -a, amri ile haikuongezi kwenye kundi, inakutoa kwenye makundi mengine yote na kukuacha na hilo moja. Kwenye 10.04 mamlaka ya sudo yalikuwa kwenye kundi la admin. Nikatoka, nikaingia upya, nikaandika sudo, nikajibiwa kwamba simo kwenye faili la sudoers na kwamba tukio hili litaripotiwa. Litaripotiwa kwa nani? Msimamizi wa mashine ni mimi.

Nilikaa sakafuni kidogo.

Njia ya kutoka ilikuwepo: shikilia Shift wakati wa kuwasha, GRUB, menyu ya kuwashia, itokee, ingia recovery mode, shuka kwenye ganda la root (teminali ya msimamizi mkuu), usermod -aG admin. Kisha kuisakinisha upya kerneli nzima kwa apt-get ili moduli halali zirudi. Hiyo ni makumi ya megabaiti, kwa modemu ile, jioni ile. Mimi peke yangu mjini niliyekuwa namwomba Mungu mwezi usiandame. Uliandama. Nilisikia takbira nikiwa asilimia arobaini.

Asubuhi bi mkubwa akaja. Kanga mpya, hina mikononi, udi unamtangulia mlangoni. Nikamkalisha kwenye mashine ya tatu, ambayo sikuwa nimeigusa na ambayo haikuwa na kamera. Skype ikaunganisha. Yeye akamwona mwanawe, akamwona mjukuu ameinuliwa mbele ya skrini, akapiga kigelegele kafe nzima ikageuka. Upande wa pili wao hawaoni kitu. "Mama, mbona hatukuoni?" Akajibu, "Mitambo, mwanangu, mitambo tu." Mimi nimesimama nyuma ya kiti chake.

Nilipomrudishia pesa alikataa. "Weka, mwanangu, umehangaika." Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Siku mbili baadaye ndipo nikajua dawa ilikuwa mstari mmoja:

LD_PRELOAD=/usr/lib/libv4l/v4l1compat.so skype

Kamera ilikuwa inatoa JPEG, na Skype ile ya wakati huo haikuelewana nayo. libv4l, kazi ya Hans de Goede, ndiye mkalimani anayekaa katikati, na alikuwa ameshasakinishwa kwenye mashine zote sita. Hakuna aliyemwita; mstari ule ndio unaomwita.

Msiuchukue mstari huo kama ulivyo, nao umeshazeeka: V4L1, njia ya kale ya programu kuzungumza na kamera, ilifutwa kwenye kerneli 2.6.38, mwaka 2011.

4. "No space left on device" si diski.

Kijana wa mwaka juzi alipoona maneno haya alifuta video za harusi ya bosi ili "kupata nafasi". Tulizirudisha kwa photorec, nusu yake bila majina, na mpaka leo bosi hajui kwa nini keki inakatwa kabla ya bi harusi kuingia ukumbini. Nafasi inayosemwa hapo ni ya njia ya USB. Kamera ya USB 1.1 inasafiri kwenye barabara ya megabiti 12 kwa sekunde. Picha ghafi ya 640 kwa 480, baiti mbili kila nukta, fremu 30, inataka megabiti 147 hivi. Ndiyo maana kamera hizi kongwe zinabana picha kwanza, kila moja kwa mtindo wake. Ukizipanga mbili kwenye habu moja, ya pili inaambiwa barabara imejaa. Angalia lsusb -t, ihamishe moja kwenye tundu la upande mwingine, au shusha hadi 320 kwa 240.

5. Ujue unazungumza na kamera ipi.

v4l2-ctl --list-devices, kila mara. Laptopu ina kamera yake ya kifuniko, na tangu kerneli 4.16 uvcvideo, draiva ya kamera za kisasa, inaifungulia nodi (milango) mbili, ya picha na ya taarifa. Hivyo video0 na video1 zina mwenyewe, na kamera yako kuukuu imekuwa video2. Kesho ukiwasha nayo imechomekwa mpangilio unaweza kubadilika, tumia majina ya /dev/v4l/by-id kwenye skripti zako.

6. Mengine kwa haraka.

Picha ina mistari inayopanda na kushuka chini ya taa za tyubu: umeme wetu ni hezi 50, weka v4l2-ctl -c power_line_frequency=1. Umeona P207 au S910 kwenye --list-formats: ni mibano ya Pixart na Sonix, programu nyingi haziisomi, ita mkalimani v4l2convert.so. "Device or resource busy": fuser -v /dev/video2, mara tisa kati ya kumi ni tabo ya kivinjari uliyoisahau. Faili la blacklist (la kuzuia draiva isipakiwe) ndani ya modprobe.d lisipoishia na .conf halisomwi. Umeingia kwa ssh na unanyimwa ruhusa wakati ukikaa mbele ya mashine unapewa: ruhusa ile anapewa aliyekaa kitini, wewe wa mbali unahitaji kundi la video. Na -a yake. Nimesema -a.

Sasa turudi kwa kijana wa jana. Nilimwambia asimamishe kukompaili, afungue dmesg. Ikasoma probing 0ac8:301b, safi, hakuna kosa hata moja. Nikamwambia aorodheshe kamera. Z-Star iko video2. Yeye tangu saa sita mchana alikuwa anafungua video0, ambayo ni kamera ya kifuniko cha laptopu, na juu ya kifuniko kile kuna kipande cha plasta alichobandika mwenyewe wiki iliyopita, kwa sababu aliambiwa wadukuzi wanachungulia.

Tulitazama plasta ile wote wawili, kimya. Kisha akaniuliza kama aibandue. Nikamwambia iache, badilisha sifuri iwe mbili, na uwahi, simu ya mteja iko wazi benchi namba mbili tangu asubuhi na anakuja kuichukua saa kumi na mbili.