Maswali ya Wasomaji: Bagamoyo kwa Anayetoka Dodoma

Tulipoomba maswali ya safari za likizo, bahasha nyingi zilizotufikia kutoka Dodoma, Kondoa, Mpwapwa na Manyoni zilitaja mji mmoja: Bagamoyo. Tumechagua matano. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

Tuko watano, wakubwa wawili na watoto watatu. Tuna siku nne tu. Je, ni lazima tuingie Dar es Salaam kwanza ndipo twende Bagamoyo? (Familia, Kisasa, Dodoma)

Kwa gari lenu, hapana, na tunawasihi msiingie. Shukeni Morogoro, mfike Chalinze, pindeni kushoto barabara ya Segera mpaka Msata, halafu kulia. Kutoka Msata hadi Bagamoyo ni kilomita 64 za lami. Njia hii inawaepusha na foleni ya Kibaha na Mbezi, na ile ya Tegeta na Bunju, ambayo jioni inaweza kula saa mbili nzima. Tokeni Dodoma saa kumi na moja alfajiri ili mfike mchana. Makosa tunayoyaona mara kwa mara ni kutoka saa nne, ukafika Msata giza limeingia, kisha ukaendesha kipande cha mwisho usiku katikati ya bodaboda zisizo na taa. Masika ulizeni hali ya barabara mkiwa Msata kabla ya kukata kona, maana mbele inavuka bonde la mto Ruvu.

Kwa basi: pandeni basi la Dar es Salaam, mshuke Chalinze, mdandie gari la kwenda upande wa Tanga linalopita Msata, na pale mpande la Bagamoyo. Ni kubadilisha mara mbili, kwa hiyo mizigo iwe ya kubebeka begani. Kwa treni ya SGR mtalazimika kufika Dar es Salaam, kisha Makumbusho, ambako magari ya Bagamoyo hupakia. Treni ni ya haraka na watoto hawachoki, ila jina kwenye tiketi lilingane na la kitambulisho, na mpande ile ya asubuhi.

Siku nne zinatosha vizuri: moja ya kwenda, mbili za kukaa, moja ya kurudi. Anayetaka kufanya Bagamoyo kwa mchana mmoja akitokea Dar es Salaam ataona milango na kupiga picha, basi.

Nafundisha historia sekondari, Mpwapwa. Nataka kupeleka wanafunzi 40. Nianzie wapi ili wasione ni mji wa watu wengine tu? (Mwalimu, Mpwapwa)

Mwalimu, anzia hapo hapo Mpwapwa. Njia ya kati ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilitoka Ujiji, ikapita Tabora, Kilimatinde na Mpwapwa, ikaishia Bagamoyo. Vituo hivyo vimo katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo ya kupendekezwa kuwa urithi wa dunia huko UNESCO tangu mwaka 2006, na Mpwapwa imo. Kabla ya kupanda basi, wapeleke vijana upande wa Chunyo, uwaonyeshe Marenga Makali, ile nyika iliyowatesa wapagazi kwa kiu. Waeleze kwa nini watemi wa Ugogo waliweza kutoza hongo, yaani ushuru wa kupita, ya nguo, shanga na nyaya: aliyeshika kisima katika nchi kavu alishika njia. Mwanafunzi akilielewa hilo, atakapofika pwani atajua kwamba babu zake walikuwa wenye njia, hawakuwa watazamaji.

Jambo jingine la kufanya shuleni. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30. Hiyo ni ndoo moja na nusu ya maji. Jaza mfuko mchanga wa uzito huo, kila mmoja aubebe kuzunguka uwanja mara moja. Halafu wape ramani wapime kutoka Tabora hadi baharini.

Bagamoyo kwenyewe, fuata mpangilio wa wakati. Asubuhi ya kwanza nendeni Kaole, kama kilomita tano kusini mwa mji. Msikiti wa zamani pale ni wa karne ya 13, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuna makaburi yenye minara. Wasimamishe mbele ya mnara wa kaburi wautazame kwa makini: vile vishimo vya mviringo vilikuwa vimepachikwa bakuli za kaure kutoka China. Halafu waulize, bahari iko wapi? Haionekani, imezibwa na mikoko. Tope lilijaza bandari, mikoko ikaota, majahazi yakahamia Bagamoyo. Jibu la kwa nini mji ulikufa linaonekana kwa macho, halihitaji kitabu. Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, walipoanza safari ya bara mwaka 1857, walianzia huko Kaole.

Mchana nendeni misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Makumbusho yake yana ada yake, tofauti na ile ya maeneo ya mambo ya kale, na wengi hushtuka mlangoni. Hapo mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Susi na Chuma na wenzao kuubeba kwa miezi mingi kutoka nchi ambayo sasa ni Zambia. Tungependa mwalimu uwataje hao wabebaji kwanza. Kibao humtaja mzungu, lakini kazi ilikuwa yao.

Siku ya pili iwe ya Mji Mkongwe: Ngome Kongwe, Karavanserai (kituo walikofikia watu wa misafara), mahali Wajerumani walipowanyongea waliopinga utawala wao wakati wa vita vya Abushiri, na Boma la mwaka 1897. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi mwaka 1891, yalipohamishiwa Dar es Salaam. Wanafunzi wa Mkoa wa Dodoma wana cha kujadili hapo, maana mwaka 1973 iliamuliwa mji mkuu utoke huko Dar es Salaam uje kwao.

Ndani ya nyumba za mawe, mwambie mmoja apime upana wa chumba kwa hatua. Atakuta vyumba ni virefu lakini vyembamba, karibu mita tatu. Sababu iko juu ya kichwa chake: dari limebebwa na boriti za mikoko, na boriti iliyonyooka na yenye nguvu haizidi sana urefu huo. Mti ndio uliopanga chumba. Waonye wasipande juu ya kuta. Chokaa ya zamani ni laini, ikimeguka maji hupenya hadi kwenye jiwe. Pia waonyeshe penye kiraka cha saruji: saruji ni ngumu na haipumui, unyevu wa chumvi hunaswa nyuma yake, na baada ya misimu kadhaa hubanduka na kipande cha ukuta wa asili.

Kuhusu jina, wapo wasemao ni kilio cha watumwa waliobwaga mioyo, na wapo wasemao ni faraja ya wapagazi waliotua mizigo baada ya miezi ya njia. Sisi tunaegemea la pili, lakini usiwafiche la kwanza, kwani yote mawili yalitembea katika njia moja.

Shughuli za ofisi: beba barua ya shule yenye idadi na majina, omba namba ya malipo ya serikali mapema, lipa kabla ya safari, uwe na risiti mkononi. Wagawe makundi ya watu 10 hadi 15, kila kundi na mwongozaji wake. Wakienda 40 pamoja, wa nyuma hawasikii kitu.

Kama utapata jioni moja huru, ulizia ngoma za Kigogo. Ndiyo, Bagamoyo. Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na marimba ya mkono aliyetoka huku Ugogo, alifanya kazi Chuo cha Sanaa, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), akaishi huko mpaka alipofariki mwaka 2003.

Watoto wanataka kuogelea. Jirani alikwenda akakuta bahari haipo, matope tu. Tutajuaje siku ya kwenda? (Mama wa watoto wanne, Kondoa)

Mama, jirani yako hakuibiwa bahari, alikwenda saa ya maji kupwa. Ufuko wa Bagamoyo una mteremko mdogo sana, kwa hiyo maji yakishuka mita tatu kwa kimo, hurudi nyuma mbali mno.

Tazama mwezi. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Pwani yetu, siku hizo maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata huchelewa kwa takribani dakika 50. Baada ya wiki mambo yamegeuka: maji yanajaa karibu na saa nne au tano asubuhi, lakini hayo ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Kwa hiyo, ukifika siku ya bamvua, asubuhi zungukeni mjini, watoto waingie majini kuanzia saa nane mchana yakiwa yanapanda. Mwite mtoto atoke yanapoanza kurudi, kwa kuwa mvuto wa kurudi huwachukua wadogo. Wakati wa kupwa msiende mbali kufuata maji: yakirudi hupitia kwanza kwenye mifereji, na mtu hujikuta yamejaa nyuma yake kabla ya mbele. Vaeni kandambili zenye kamba kisigino, na mkitembea majini burutani nyayo. Samaki taa hujifukia mchangani, akiguswa ubavuni hukimbia, akikanyagwa mgongoni huchoma.

Rangi ya maji ni ya udongo kwa sababu mto Ruvu unamwaga karibu, upande wa kaskazini. Si uchafu. Njia ya ufukweni kati ya mji na Kaole msiipite peke yenu, ni pweke na watu huporwa. Chukueni bajaji. Na bebeni chandarua; mbu wa pwani si wa Kondoa.

Mavazi je? Na tukifika Ramadhani? (Vijana wawili, Manyoni)

Nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Mjini, kaptura na mabega wazi vitawafanya mwangaliwe vibaya. Kanga moja begani inatosha. Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana, basi kuleni mlikolala, wala msile barabarani. Jioni mtafidiwa.

Nataka kurudi na samaki wa kuuza kidogo na wa nyumbani. Mara ya mwisho walifika Kibaigwa wameharibika ingawa niliweka barafu. (Mfanyabiashara, Kibaigwa)

Barafu uliweka, ila inaelekea ilikuwa chache, ya mabonge, na maji yake hayakuwa na pa kutokea. Kwa joto letu kadiria kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Iponde, kwa sababu bonge huacha nafasi za hewa na humchubua samaki. Tandaza barafu chini, panga samaki, barafu, samaki, funika na barafu. Toa matumbo na matamvua pale pale sokoni, ujaze barafu tumboni. Acha tundu la chini la kasha wazi, kwani samaki aliyelala kwenye maji ya damu huoza hata akiwa baridi.

Mnadani, karibu na jengo la zamani la forodha, huuzwa kwa fungu na bei hupanda haraka. Kabla hujataja bei, funua shavu: matamvua yawe mekundu, jicho limetuna na kung'aa, nyama ukiibonyeza irudi. Nunua siku ya kuondoka, si jana yake.

Nguru, jodari na vibua tunakuomba uwaogope zaidi. Wakikaa kwenye joto saa chache hutengeneza sumu ambayo kukaanga hakuiondoi. Mlaji huwashwa, uso huwa mwekundu, kichwa humuuma. Kama huna barafu ya uhakika, chukua changu, wakaange wakauke, waache wapoe kabisa, ndipo uwapange kwenye boksi lenye karatasi. Ukiwafunga wa moto kwenye mfuko wa plastiki, mvuke hugeuka maji na kesho yake wameota ukungu.

La rahisi kuliko yote ni ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Chagua aliyekauka hadi mfupani, ukague kichwani na kando ya uti kama kuna matundu ya wadudu. Nyumbani mloweke nusu saa chumvi ipungue, mpike kwa karanga au nazi. Kwa ugali wa uwele na mlenda pembeni, hakai mezani.