Sentensi ndefu ya Kiingereza isikutishe, ikate vipande

Wengi wanaoniletea insha na barua zao za Kiingereza niwasahihishie hawana shida ya msamiati. Maneno wanayo, tena mengine makubwa kuliko yanavyohitajika. Wanakwama pale sentensi inaporefuka. Utamwona mtu anasoma neno la kwanza, analitafsiri kichwani, anahamia la pili, analitafsiri, na akifika la nane la kwanza limeshamtoka.

Chukua tangazo la kawaida kabisa: "The results of the students who sat for the examination in November are on the notice board." Nikiuliza ni kitu gani kipo kwenye ubao wa matangazo, wapo wanaonijibu mtihani, wapo wanaosema wanafunzi. Nikifuta "are" na kuwaambia wajaze wenyewe, wengi huweka "is", maana jicho limetua kwenye "November" iliyo jirani. Kumbe kilichopo ubaoni ni matokeo, na "results" ni wingi, hata kama yamekaa mbali na kitenzi chake.

Kwa hiyo ninachowaambia kwanza ni kuacha kutafsiri na kujaribu kubadilisha. Weka "They": "They are on the notice board." Maneno 12 yameondoka kwa mpigo na sentensi bado imesimama. Basi hayo maneno 12 hayakuwa vitu 12, yalikuwa kitu kimoja, kirai kimoja. Tunafundishwa kwamba kiwakilishi husimama badala ya nomino, lakini kwenye Kiingereza hiyo ni nusu ya ukweli. Huwezi kusema "The they of the students". Kiwakilishi kinafagia kirai kizima, pamoja na "the" iliyo mwanzoni na kila kilichoning'inia mwishoni. Sasa geukia upande wa pili, "on the notice board", weka "there". Unabaki na "They are there." Maneno matatu. Sentensi iliyokutoa jasho mifupa yake ndiyo hiyo.

Kuna jambo linaniudhi hapa, niliseme kabisa. Ujuzi huu tunao tayari. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anachanganua sentensi ya Kiswahili bila wasiwasi: S (sentensi) inagawanyika kuwa KN (kirai nomino) na KT (kirai kitenzi), kisha anashuka na matawi mpaka neno la mwisho. Wa Kenya wanachora matawi, jedwali na mishale hivyo hivyo. Kengele inalia, kinaingia kipindi cha Kiingereza, na mwanafunzi yule yule anarudi kuokota neno moja moja kana kwamba matawi yalikuwa mali ya Kiswahili peke yake. Wanaisimu wa Marekani akina Leonard Bloomfield walikuwa wanazikata sentensi za Kiingereza namna hiyo tangu miaka ya 1930: kiima (anayezungumziwa) huku, kiarifu (kinachosemwa juu yake) kule, kisha kila upande unakatwa tena na tena. Sisi Kiingereza tumelishwa majedwali ya nyakati. Ukiyakariri yote bado hujui kirai kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Tuanze na kirai nomino, maana ndipo penye kazi kubwa. Kwenye Kiswahili neno kuu kwa kawaida linatangulia na maelezo yanafuata: mabasi mawili makubwa ya Morogoro. Ukisikia "mabasi" umeshajua tunazungumzia nini. Kiingereza kinaliweka neno kuu katikati. Kabla yake zinakaa "the", "my", "this", halafu idadi, halafu sifa. Baada yake vinakuja virai vinavyoanza na "of", "from", "in", na vishazi, yaani mafungu yenye kitenzi ndani yake, vinavyoanza na "who", "which", "that". "The two big buses from Morogoro which arrived last night": neno kuu ni "buses", kuna mzigo mbele na mzigo nyuma. Ukishazoea kulitafuta hilo kwanza, yaliyobaki yanajipanga.

Ile nafasi ya kwanza kabisa, ya "the" na wenzake, ina kiti kimoja tu. Sisi tunasema "kitabu changu hiki" bila tatizo, ndiyo maana wengi wanaandika "this my book". Kiingereza cha sanifu hakikubali wawili wakalie kiti hicho, na mmoja lazima ahamie nyuma: "this book of mine". Pia kiti hicho hakiachwi wazi kama nomino ni ya kuhesabika na iko katika umoja. "I bought book" inasikika kama imekatwa kichwa.

Halafu kuna nomino zinazopangana foleni bila kiunganishi chochote, ambazo ofisi na miradi inazipenda mno. "District land management committee members." Hawa ni akina nani? Wengi wakiona "district" mwanzoni wanadhani habari ni ya wilaya. Kwenye foleni kama hii neno kuu ni la mwisho, na dawa yake ni kusoma kutoka nyuma kwenda mbele: wajumbe, wa kamati, ya usimamizi, wa ardhi, ya wilaya. Umepata Kiswahili safi bila kuhangaika. Kama unafanya kazi na ripoti za miradi au za halmashauri, hilo pekee litakuokolea muda mwingi kuliko kamusi. Na ukiwa mwandishi, usipange foleni ya nomino tano. Hata Waingereza wenyewe wanachoka.

Upande wa kitenzi ni kama treni. Kila behewa linashika lililo nyuma yake kwa kishikio maalumu. "The road should have been repaired." Kitenzi "should" kinataka kinachofuata kiwe kitupu, yaani umbo la msingi: "have". "Have" inataka umbo la tatu, kama "gone" kwenye "go, went, gone": "been". "Been" hapa, kwa kuwa sentensi ni ya kutendwa, inataka umbo la tatu tena: "repaired". Mpangilio haugeuki: wale akina "can", "may", "should" wanatangulia, kisha "have", kisha "be". Mwanaisimu Noam Chomsky mwaka 1957 aliieleza tabia hii kwa kanuni inayotosha kuandikwa kwenye mstari mmoja, na watoto wa Kiingereza wanaitumia bila kujua kama ipo.

La kushika ni kwamba wakati na nafsi vinaonekana kwenye behewa la kwanza tu. Kwetu siyo hivyo. Tunasema "walikuwa wanacheza", nafsi ya "wa" inatokea mara mbili, na kila kitenzi kina alama yake ya wakati. Ndipo mkono unapozoea kuandika "She didn't came" na "Does he goes". Wakati umeshabebwa na "did", nafsi imeshabebwa na "does", kilichobaki nyuma kiwe kitupu: "She didn't come", "Does he go". Sioni haja ya kukariri orodha ya makosa haya. Yote ni kosa moja.

Tofauti nyingine kati ya lugha hizi mbili ndiyo inayozaa makosa mengi zaidi kwenye barua ninazosoma. Kitenzi cha Kiswahili kinabeba watu ndani yake. "Nilimwona" ni sentensi kamili: kuna mimi, kuna wakati uliopita, kuna yeye, kuna kuona. Kiingereza kinamtoa kila mmoja nje na kumpa nafasi yake, na nafasi ya kiima haiachwi wazi, hata pasipo na mtu wa kuikalia. Mvua ikinyesha, "Is raining" haitoshi, lazima "It is raining", ingawa hiyo "it" hailengi kitu chochote. Kinyume chake, nafasi ikishajazwa haijazwi tena. "My father he works in Tanga" ina watu wawili kwenye kiti kimoja, kwa sababu kichwani kuna "baba yangu anafanya kazi" na ile "a" inadai haki yake. Na hii ya barua za maombi ya kazi naiona mara kwa mara: "I have a diploma in procurement which I obtained it in 2019." Kwa Kiswahili "niliyoipata" ni sawa kabisa, "yo" ipo na "i" ipo. Kwa Kiingereza "which" ndiyo hiyo stashahada yenyewe imehamia mbele, na huku nyuma nafasi yake inabaki tupu. Futa "it".

Barua hizo hizo zina ugonjwa wa pili. Zinaanza hivi: "With reference to your advertisement concerning the post of storekeeper which was published last week." Nukta. Inasikika ya kiofisi, ina maneno mazito, lakini siyo sentensi. Kata vipande uone. "With reference to" inaanzisha kirai kirefu kinachomeza kila kitu mpaka "week". Kitenzi kipo, "was published", lakini kimo ndani ya kishazi tegemezi cha "which", kinaeleza tangazo au nafasi tu. Hakuna kishazi huru. Hakuna aliyefanya jambo lolote. Weka kishazi huru: "I am applying for the post of storekeeper, with reference to your advertisement of last week." Sasa kuna mtu, kuna kitendo, na kile kirai kimepata pa kuegemea.

Kwa vishazi nina hesabu moja ambayo naiamini. Vishazi viwili vinahitaji kiunganishi kimoja, vitatu vinahitaji viwili. Ukizidisha umekosea: "Although it rained, but we travelled." Sisi "ingawa" na "lakini" tunaviweka pamoja na hakuna anayeshtuka, ila Kiingereza kinataka kimoja tu, chagua. Ukipunguza umekosea pia: "It rained, we travelled" inahitaji "but" au nukta, koma peke yake haina nguvu ya kushika vishazi viwili huru. Utakutana na sentensi kama "The book I bought is torn" ukadhani hesabu imevurugika. Haijavurugika. Kati ya "book" na "I" kuna "that" iliyoachwa kwa sababu kila msomaji wa Kiingereza anaisikia hata isipoandikwa. Ukikutana na virai nomino viwili vimegusana namna hiyo bila sababu, jaribu kuirudisha "that" katikati.

Kuna sentensi ambazo maneno ni yale yale lakini vipande vinaweza kukatwa kwa namna mbili. "The police chased the thief on a motorcycle." Nani yuko juu ya pikipiki? Kama "the thief on a motorcycle" ni kirai kimoja, mwizi ndiye aliyepanda, na ukibadilisha unapata "The police chased him." Kama mwizi anaishia kwenye "thief", unapata "The police chased him on a motorcycle", na polisi ndio waliopanda. Sarufi haikuambii ipi ndiyo. Kwa hiyo ukiwa unaandika maelezo ya tukio, ya bima au ya mahakama, usiache sentensi ya namna hiyo ipite. Andika "who was riding a motorcycle" ujue umeshamfunga nani.

Namna ya kujizoeza ni nyepesi, inataka penseli na gazeti la Kiingereza, hata la jana. Chagua aya moja. Chora mkwaju (/) kila mahali kipande kikubwa kinapoishia: "The new driver / parked / the bus / behind the market." Kitenzi kiache, jaribu kila kipande kingine kwa "he", "it", "they", "there", "then". Kikikubali, umekata sawa. Kikikataa, sogeza mkwaju. Kisha soma kwa sauti, pumua kwenye mikwaju tu. Mimi humtambua msomaji kwa mahali anapopumulia. Anayesoma "The results of the, students who sat, for the" bado anaona maneno. Akisoma "The results of the students" kwa pumzi moja, najua ameshaanza kuona. Msilazimishe kasi, itakuja.

Nimalizie na maswali yaliyofichwa ndani ya sentensi nyingine, kwa sababu hata watu wenye Kiingereza kizuri wanateleza hapo. "Where is the office?" ni swali, kwa hiyo "is" inaruka mbele ya kiima. Kiima kikiwa kirefu inakiruka chote: "Is the teacher who was sick coming today?" Lakini "I want to know where is the office" siyo swali, ni taarifa, na kinachofuata baada ya "know" ni kipande kimoja kinachoweza kubadilishwa na "it". Ndani ya kipande cha namna hiyo hakuna kuruka: "I want to know where the office is." Kwa hiyo ukiandika kuulizia tarehe ya usaili, andika "I would like to know when the interview will be held", na mwishoni weka nukta, siyo alama ya kuuliza.