Kabla hujalaumu almasi, chomoa kikalio

Niliinunua kwenye karakana iliyokuwa inafungwa, ikaja nyumbani imelazwa ubavu nyuma ya pikapu kama mbuzi wa Idi. Ni mashine ya kupima ugumu wa chuma kwa kipimo cha Rockwell, ile ya zamani inayokandamiza kwa mawe ya uzito, haitumii umeme. Natengeneza visu kwa springi za magari, na miaka yote nilikuwa napima kwa tupa tu: ikiteleza, kisu kimeiva, ikiuma, rudi motoni.

Siku ya kwanza nikaweka juu ya kikalio, kile kimeza cha kuwekea chuma kinachopimwa, kipande cha majaribio ambacho ugumu wake unajulikana, kimeandikwa 62. Ikasoma 55. Nikarudia, 58. Tena, 53. Nikajua almasi, ile ncha inayobonyeza chuma, imekufa, na bei ya almasi mpya ilikaribia niliyotoa kwa mashine nzima.

Nikampigia mzee mmoja aliyestaafu ufundi wa mashine kiwandani. Habari za almasi hakutaka hata kuzisikia. "Kijana, hicho kikalio umekichomoa ukatazama chini yake?"

Sikuwa nimekichomoa. Chini ya shina lake palikuwa na grisi iliyoganda na kutu nyembamba kama ganda la kitunguu. Rockwell inapima kina: inakandamiza kwanza kwa kilo 10, hapo ndipo sifuri, inaongeza mpaka kilo 150, inarudi kwenye 10, kisha inasoma ncha imezama zaidi kwa kiasi gani. Pointi moja ya kipimo cha C, kile cha chuma kigumu, ni milimita 0.002. Kutu ikibonyea milimita 0.01 tu, pointi tano zimekwenda na chuma hakina kosa. Nikasafisha kwa mafuta ya taa, nikarudisha, nikayatupa majibu mawili ya kwanza kwa sababu kikalio kikitoka kutolewa huwa bado hakijakaa sawasawa.

Sasa ikasoma 60, 59.5, 60. Kuyumba kumekwisha, ila bado iko chini, na huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Namba zikiyumba, tafuta uchafu au kitu kilicholegea. Zikikosea palepale kila mara, angalia mzigo au ncha. Nikaazima lenzi ya fundi saa nikaikagua almasi: haina ufa. Halafu nikajicheka, maana almasi iliyolika ikawa butu huzama kidogo na kutoa namba kubwa, wakati zangu zilikuwa ndogo.

Kumbe tatizo lilikuwa safari. Kile kisilinda cha oili kinachoushusha mzigo taratibu kilimwaga oili yote mashine ilipolazwa, mzigo ukawa unaanguka pu! na kuzamisha ncha kupita kiasi. Nikajaza oili nyepesi, nikakaza skrubu yake mpaka mkono ukashuka kwa sekunde tano hivi. 61.5. 62. 62.

Kipande cha majaribio kipime upande mmoja tu, na uachanishe vishimo angalau mara tatu ya upana wa kishimo.

Kisu changu cha kwanza kilisoma 51, nikataka kulia. Nilikuwa nimepima juu ya ngozi ya chuma iliyopoteza kaboni motoni ikawa laini. Nikaisaga kidogo kwa msasa wa maji pande zote mbili, ikaja 58. Vile viwili nilivyomuuzia jirani mwenye bucha kabla ya mashine sijavipima, na hajavirudisha.