Kaombwa namba za WhatsApp na "mwenzake" wa darasani

SWALI: Mwanangu yuko kwenye grupu la darasa, juzi mwenzake kamwandikia eti amtumie namba 6 zilizoingia kwa meseji, akatuma, sasa akaunti haifunguki na watu wanaombwa hela kwa jina lake. Tufanyeje?

JIBU: Pole sana mzazi mwenzangu. Hizo namba 6 ndo ufunguo wenyewe, na huyo mwenzake naye huenda kashaibiwa yake. Sajilini WhatsApp upya kwa laini yake, namba mpya zikija mziingize, mwizi anatolewa palepale, ila kama kaweka PIN mtasubiri siku 7 ndo muingie. Mtoto msimgombeze jamani, akiogopa kesho atawaficha! Mwalimu aambiwe leo hii atangaze kwenye grupu, kabla hajanaswa mwingine.