Je, Blogu Yangu Itaaminika?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu. Ninataka kuanzisha blogu ya bei za mazao katika magulio ya wilaya yetu, lakini mwanangu anasema maandishi ya mtu binafsi hayaaminiki na yanaweza kuniponza. Unanishauri nini? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Hofu ya mwanao ina msingi, ingawa naamini kazi hiyo inahitajika sana. Ukiandika tu kwamba mahindi yamepanda bei, hujamsaidia mkulima. Lakini ukieleza kwamba Jumamosi saa tatu asubuhi uliwauliza wauzaji wanne, ukataja bei ya kila mmoja na kama gunia lilijazwa kawaida au lumbesa (kupita kipimo), umempa jambo analoweza kulihakiki mwenyewe. Tenganisha ulichokiona na ulichosimuliwa, na ukikosea, sahihisha waziwazi badala ya kufuta kimyakimya.

Kuhusu sheria, mwanao yuko sahihi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu wa Tanzania wapate leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), kwa ada iliyozidi shilingi milioni 2 mwaka wa kwanza. Kanuni hizo zilibadilishwa baadaye, kwa hiyo ulizia masharti ya sasa kabla hujachapisha lolote. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inaadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo, hivyo usimtaje mfanyabiashara kwamba anapunja vipimo kwa sababu tu umeyasikia kijiweni. Mchuuzi unayetaka kumpiga picha, mwombe ruhusa kwanza.